Sumu iliyogeuka dawa: Botox haikuundiwa makunyanzi

ITAJWAPO Botox, wengi hukumbuka uso wa mwigizaji wa filamu uliolainishwa hadi ukashindwa kukunjika hata mwenyewe anapolia. Jina hilo limezoeleka kuhusishwa na anasa, na watu wenye fedha za ziada na hofu ya kuzeeka. Kwa mtazamo huo, taifa ambalo wagonjwa wake hutumwa kununua glavu na dawa za kawaida nje ya hospitali halina sababu ya kuijadili sindano kama hiyo.

Mtazamo huo una kasoro kubwa. Sindano hiyo haikuundiwa makunyanzi. Ilianza kama tiba ya macho, na leo hutumika kulegeza mguu wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, kufungua kiganja kilichofumbwa na kiharusi, kutuliza kibofu cha mtu aliyeumia uti wa mgongo na kupunguza siku za maumivu kwa anayeugua kipandauso sugu. Urembo ulikuja baadaye, ukalitwaa jina, na wagonjwa wakasahaulika.

Suala hili si la jina tu. Namna jamii inavyoitazama dawa huamua ni nani ataipata. Mzazi asiyejua kwamba sindano hiyo inaweza kumsaidia mwanawe hawezi kuiuliza kliniki. Mpangaji wa bajeti anayeihesabu kuwa kipodozi hawezi kuitengea fedha. Na inapoachwa mikononi mwa wauza urembo pekee, hata walaghai hupata nafasi ya kujitajirisha kwa afya za watu.

Ndugu wa pepopunda

Sumu inayotumika hutolewa na bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Bakteria huyo huishi udongoni na hustawi mahali pasipo hewa, kwa mfano ndani ya kopo la chakula kisichochemshwa ipasavyo au nyama iliyohifadhiwa vibaya. Ni wa ukoo mmoja na bakteria wa pepopunda, ugonjwa ambao akina mama wajawazito wa Kenya huchanjwa dhidi yake hadi leo.

Ajabu ni kwamba ndugu hao wawili hufanya kazi kinyume. Sumu ya pepopunda hukaza misuli mpaka taya zikafungamana na mgongo ukapinda kama uta. Sumu ya botulinamu huilegeza mpaka kope zikaanguka, sauti ikafifia na, mwishowe, misuli ya kupumua ikashindwa kazi. Maradhi yanayotokana nayo huitwa botulizimu, na si mageni katika eneo hili. Mwaka wa 1980, jarida la kitabibu la British Medical Journal lilichapisha taarifa kuhusu mkurupuko wa ugonjwa huo nchini Kenya uliotokana na watu kula mchwa.

Ili kuielewa tiba, ni lazima kwanza kuielewa kazi ya sumu yenyewe. Ubongo unapotaka msuli ukaze, hutuma ujumbe kupitia neva. Kwenye ncha ya neva kuna vifuko vidogo vyenye kemikali iitwayo asetilikolini. Ujumbe unapofika, vifuko hivyo humwaga kemikali hiyo, nayo huvuka hadi kwenye msuli na kuuamrisha ukaze. Sumu ya botulinamu huikata protini ambayo vifuko hivyo huitegemea ili kumwaga kilichomo. Ujumbe hufika mwisho wa neva ukakwama papo hapo, mithili ya barua iliyofika posta ikakosa wa kuipeleka nyumbani.

Kiasi kinachotumika hospitalini ni kidogo mno. Chupa moja ya uniti 100 ina sumu isiyofika hata sehemu moja ya bilioni ya gramu. Daktari huichanganya na maji ya chumvi yaliyotakaswa, kisha huidunga ndani ya msuli uleule anaotaka ulegee. Matokeo huanza kuonekana baada ya siku chache, hufikia kilele chake baada ya takriban wiki mbili, na kwa kawaida hudumu miezi mitatu hadi minne. Baadaye neva hurejesha mawasiliano yake na msuli hurudia hali yake ya zamani.

Muda huo mfupi ndio nguvu ya dawa hii na ndio udhaifu wake. Daktari akikosea kidogo, kosa huisha lenyewe. Lakini hata faida nayo huisha, na mgonjwa hana budi kurudi kudungwa tena.

Kutoka soseji hadi macho

Wa kwanza kuieleza sumu hii kwa kina alikuwa Justinus Kerner, daktari wa Kijerumani aliyefahamika pia kwa ushairi wake. Katika miaka ya 1820 alichunguza vifo vya watu waliokula soseji zilizoharibika katika eneo la Württemberg. Jina la botulinamu lenyewe limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya soseji. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1822, Kerner alibashiri kwamba sumu hiyo, ikitolewa kwa kiasi kidogo sana, ingeweza kutuliza maradhi yanayowafanya watu watikisike pasi na hiari yao.

Bakteria mwenyewe alitambuliwa na Émile van Ermengem, mwanasayansi wa Ubelgiji, baada ya wanamuziki waliokuwa wakitumbuiza katika mazishi kijijini Ellezelles mwaka wa 1895 kula nyama ya nguruwe iliyohifadhiwa kwa chumvi. Watatu kati yao walifariki.

Ubashiri wa Kerner ulisubiri takriban miaka 150. Katika miaka ya 1970, daktari wa macho wa San Francisco, Alan Scott, alikuwa akitafuta njia ya kurekebisha makengeza bila upasuaji. Jicho la makengeza huvutwa upande mmoja na msuli ulioushinda nguvu mwenzake. Scott alifikiri kwamba msuli huo ukilegezwa, jicho lingerudi mahali pake. Alipata sumu iliyosafishwa kutoka kwa Edward Schantz, mtaalamu wa kemikali, akaijaribu kwa nyani na kuchapisha matokeo mwaka wa 1973. Matokeo ya wanadamu yalifuata mwaka wa 1980.

Punde si punde, dawa hiyo ilianza kutumiwa kwa watu ambao kope zao hufumba kwa nguvu zenyewe. Wagonjwa hao wana macho mazima, lakini hawaoni kwa sababu kope hazifunguki. Hawawezi kuvuka barabara, hawawezi kusoma, hawawezi kufanya kazi. Sindano chache kuzunguka macho ziliwarejeshea uwezo wa kuona.

Lililotokea mwaka wa 1986 lina funzo kwa nchi yoyote inayopima tiba kwa mizani ya fedha. Usambazaji wa dawa hiyo nchini Marekani ulisitishwa kwa muda kwa kukosekana kampuni ya bima ya kuwakinga watengenezaji dhidi ya madai. Sayansi haikuwa imebadilika, na madaktari walikuwa tayari. Hata hivyo, wagonjwa walianza kurudi katika upofu wao kadiri athari ya sindano zao ilivyoisha, na kwa miezi kadhaa baadhi yao walilazimika kusafiri hadi Kanada kudungwa.

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha dawa hiyo mwezi Desemba 1989 kwa tiba ya makengeza na ya kope zinazofumba. Wakati huo iliitwa Oculinum, jina linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya jicho. Kampuni ya Allergan iliinunua mwaka wa 1991 na kuipa jina la Botox.

Urembo uliingia kwa bahati. Mwaka wa 1987, jijini Vancouver, Kanada, daktari wa macho Jean Carruthers aliambiwa na mgonjwa wake wa kope kwamba sindano zilikuwa zikimwondolea pia mikunjo ya katikati ya nyusi. Mumewe, Alastair, alikuwa daktari wa ngozi. Wawili hao walichapisha utafiti wao kuhusu mikunjo mwaka wa 1992. Idhini ya FDA ya matumizi hayo ilitolewa mwaka wa 2002, miaka 13 baada ya ile ya macho.

Samaki mkunje angali mbichi

Matumizi yanayogusa familia nyingi zaidi barani Afrika ni yale ya mtindio wa ubongo. Utafiti uliofanywa mashariki mwa Uganda na kuchapishwa mwaka wa 2017 ulionyesha kuwa karibu watoto watatu kati ya kila 1,000 wana hali hiyo. Miongoni mwa visababishi ni mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali isiyotibiwa mapema, na maambukizi yanayoufikia ubongo kama vile malaria kali na homa ya uti wa mgongo. Haya ni maradhi ambayo kila mkunga na kila muuguzi wa zahanati ameyaona.

Ubongo ulioumia hushindwa kuzuia ujumbe unaoamrisha misuli ikaze. Misuli hubaki imekakamaa mchana kutwa. Chukua mfano wa mtoto wa miaka minne ambaye msuli wa ndama wa mguu umekaza kiasi kwamba kisigino hakigusi ardhi. Hutembea kwa ncha za vidole, akijikwaa na kuanguka. Kadiri anavyokua, mfupa hurefuka lakini msuli uliokakamaa haurefuki ipasavyo. Baada ya miaka kadhaa msuli hujifupisha moja kwa moja, na kiungo hukwama katika pembe hiyo. Hapo sindano haina la kufanya tena, na njia iliyosalia aghalabu ni kisu cha daktari wa mifupa.

Wahenga walionya kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Sindano ya botulinamu katika msuli wa ndama humpa mtoto huyo kipindi cha miezi michache ambapo msuli umelegea. Katika kipindi hicho, mtaalamu wa tiba ya viungo huunyosha mguu, humvalisha plasta au kifaa cha kuushikilia, na kumfundisha mtoto kukanyaga kwa unyayo mzima. Lengo ni kuuwahi msuli kabla haujafupika, na kuahirisha upasuaji hadi mtoto atakapokuwa mkubwa, au kuuepuka kabisa.

Sharti pia ukweli wote usemwe. Mwaka wa 2010, chama cha madaktari wa neva cha Marekani kilipitia tafiti zilizokuwapo kuhusu watoto hao. Kilihitimisha kwamba ushahidi wa kupunguza ukakamavu wa misuli ni thabiti, ila ushahidi kuwa sindano pekee humwongezea mtoto uwezo wa kutenda mambo haukutosha. Kwa maneno mengine, dawa hulegeza mguu, lakini haimfundishi mtoto kutembea. Anayemfundisha ni mtu.

Hali kadhalika kwa waliopatwa na kiharusi. Miezi kadhaa baada ya kushambuliwa, mkono wa mgonjwa huweza kujikunja kifuani na vidole vikafumba ngumi isiyofunguka. Kucha huchimba kiganja, jasho na uchafu hujaa ndani, ngozi huoza. Mke au binti anayemtunza hutumia muda mrefu kila asubuhi kumvalisha shati. FDA iliidhinisha matumizi ya dawa hii kwa mkono uliokakamaa mwaka wa 2010. Sindano hairudishi nguvu zilizopotea. Lakini kiganja kinachofunguka kinaweza kuoshwa, kucha zinaweza kukatwa, na shati linaweza kuvaliwa bila mgonjwa kupiga mayowe. Faida hizo ni nadra kutajwa katika matangazo, ilhali kwa anayemuuguza mgonjwa ndizo zinazopunguza mateso ya kila siku.

Maradhi yanayofichwa

Yapo maradhi mengine ambayo waathiriwa huyaficha kwa aibu. Mtu aliyevunjika uti wa mgongo katika ajali ya barabarani huweza kupoteza mamlaka juu ya kibofu chake. Kibofu hujibana ovyo na mkojo humtoka bila taarifa. Vibaya zaidi, shinikizo ndani yake huweza kuharibu figo. Daktari anaweza kupitisha kifaa chembamba chenye kamera hadi kibofuni na kudunga sehemu kadhaa za ukuta wake. FDA iliidhinisha tiba hiyo mwaka wa 2011 kwa wagonjwa wa neva, na mwaka wa 2013 kwa watu wengine wenye kibofu kisichotulia. Ina hatari zake. Kibofu kikilegea kupita kiasi, mgonjwa hulazimika kutumia mpira wa kutoa mkojo kwa muda, na maambukizi ya njia ya mkojo huongezeka.

Sumu hiyo pia huzuia ujumbe unaoamrisha tezi za jasho na za mate. Tangu mwaka wa 2004 imeidhinishwa Marekani kwa watu ambao kwapa zao hutiririka jasho kupita kiasi hata wakiwa wametulia kivulini. Madaktari huitumia pia kukausha udenda kwa watoto wenye mtindio wa ubongo na kwa wazee wenye ugonjwa wa Parkinson, ambao hulowesha nguo kutwa na huhatarisha mapafu yao kwa mate yanayopita njia isiyofaa. Wagonjwa ambao shingo zao hupindwa upande na misuli isiyotii nao walipata idhini yao mwaka wa 2000.

Kuhusu kipandauso, urembo ulisaidia tiba. Katika miaka ya 1990, baadhi ya waliodungwa kwa ajili ya makunyanzi walisema maumivu yao ya kichwa yamepungua. Uchunguzi uliofuata ulizaa idhini ya mwaka wa 2010 kwa wenye kipandauso sugu, yaani wanaoumwa kichwa kwa siku 15 au zaidi kila mwezi. Mgonjwa hudungwa katika sehemu 31 za kipaji, pande za kichwa, kisogo, shingo na mabega, kwa jumla ya uniti 155, kila baada ya wiki 12. Si tiba ya kichwa kinachouma mara mojamoja, wala si ya maumivu yanayosababishwa na njaa, malaria au miwani isiyofaa.

Uingereza ilipolazimika kuamua iwapo umma ugharamie tiba hiyo, haikuikataa kwa sababu ya sifa yake ya urembo, wala haikuifungulia kila mtu mlango. Mwaka wa 2012, taasisi ya NICE, ambayo huishauri huduma ya afya ya taifa hilo kuhusu tiba zinazostahili fedha za umma, iliipendekeza kwa wagonjwa ambao angalau dawa tatu za kuzuia kipandauso zimeshindwa kuwasaidia. Aidha, ilielekeza kwamba siku za maumivu zisipopungua kwa angalau asilimia 30 baada ya awamu mbili, tiba isimamishwe. Huo ni mfano wa nchi tajiri inayohesabu kila senti kabla ya kuitumia.

Chupa pekee si tiba

Kenya ilibadilisha mfumo wake wa bima ya afya Oktoba 2024, pale Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua mahali pa hazina ya NHIF. Mjadala kuhusu mfumo huo umejikita katika makato ya mishahara, malipo ya hospitali na hitilafu za mitambo. Swali la ni tiba zipi zinapaswa kugharamiwa kwa watu wenye ulemavu wa muda mrefu halijapata uzito unaostahili.

Pingamizi dhidi ya sindano hii ni nzito na zinafaa kusikilizwa. Dawa yenyewe ni ghali. Chupa zake huhitaji kuhifadhiwa katika ubaridi wa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na ikishachanganywa haikai muda mrefu. Anayedunga sharti ajue msuli upi ulipo na ni kiasi gani unahitaji, na wataalamu wa neva na wa tiba ya watoto wenye ulemavu ni wachache, wengi wao wakiwa mijini. Zipo njia za bei nafuu, kama vile vidonge vya baklofeni na plasta za kunyosha viungo. Zaidi ya hayo, atatokea wa kuuliza: je, fedha hizo zisingetumika vyema zaidi kuhakikisha kila mama anajifungua salama, ili watoto wasiumie ubongo mwanzoni?

Hoja hiyo ya mwisho ina nguvu, na hakuna mtetezi wa kweli wa watoto hawa anayeweza kuipuuza. Kinga ndiyo bora. Lakini kinga ya kesho haimsaidii mtoto aliyekwisha kuumia jana, ambaye msuli wake unafupika mwezi baada ya mwezi. Vidonge navyo hulegeza mwili mzima na kumtia mtoto usingizi darasani, ilhali tatizo lake ni msuli mmoja wa mguu. Kwa mtoto kama huyo, sindano iliyolengwa inaweza kuwa na manufaa ambayo vidonge havina. Kwa mwingine ambaye mwili wote umekakamaa, haitakuwa chaguo la busara.

Hivyo basi, kinachotakiwa si kununua chupa kwa wingi na kuzisambaza kaunti zote 47. Kidole kimoja hakivunji chawa. Sindano anayodungwa mtoto Nairobi, kisha akarudishwa kijijini ambako hakuna wa kumnyosha mguu, ni fedha zilizotupwa. Msuli utalegea, miezi mitatu itapita, na mguu utarudi ulivyokuwa. Mama atakuwa ametumia nauli, siku za kazi na matumaini yake, na mwishowe atasadiki kwamba dawa haifai.

Linalohitaji kugharamiwa ni kipindi kizima. Nacho kinajumuisha uchunguzi wa mapema kliniki, sindano kwa anayeistahili, plasta au kifaa cha mguu, na mtaalamu wa tiba ya viungo aliye karibu na nyumbani. Tangu mwaka wa 2013, huduma za afya kwa sehemu kubwa zimekuwa mikononi mwa kaunti, na hapo ndipo ajira za wataalamu hao huamuliwa. Kaunti inayojenga jengo la hospitali lakini ikakosa kumwajiri anayewafundisha watoto kukanyaga imejenga nusu ya hospitali.

Rahisi inavunja upishi

Kuna sababu nyingine ya kuiondoa dawa hii katika giza la saluni. Jina likishakuwa la urembo, watu husahau kwamba ndani ya chupa mna sumu. Mwaka wa 2004, watu wanne walipooza katika jimbo la Florida, Marekani, baada ya kudungwa sumu ya maabara ambayo haikuwa imetengenezewa binadamu. Mapema mwaka wa 2023, zaidi ya watu 60 kutoka mataifa kadhaa ya Ulaya na Uturuki waliugua botulizimu baada ya kudungwa tumboni ili wapungue uzani, wengi wao wakiwa wamesafiri hadi Istanbul. Mwaka wa 2024, Marekani ilitoa tahadhari kuhusu bidhaa bandia baada ya watu 22 katika majimbo 11 kudhurika, wengi wao wakiwa wamedungwa na watu wasio na leseni au nje ya vituo vya afya.

Hata dawa halali ina masharti. Tangu mwaka wa 2009, FDA imetaka pakiti zake ziwe na onyo kali kabisa kwamba sumu inaweza kusambaa kutoka pale ilipodungwa na kuathiri umezaji na upumuaji. Watoto wenye mtindio wa ubongo wamo miongoni mwa walio hatarini zaidi. Uniti za kampuni moja si sawa na uniti za kampuni nyingine, na anayezibadilisha kiholela anaweza kuzidisha kipimo. Mgonjwa anayeanza kuona vitu viwiliviwili, kushindwa kumeza au kupumua kwa shida baada ya sindano anapaswa kukimbizwa hospitalini bila kuchelewa.

Watengenezaji wenyewe hawakosi lawama. Mwaka wa 2010, Allergan ilikubali kulipa dola milioni 600 nchini Marekani ili kumaliza kesi kuhusu namna ilivyoitangaza dawa hiyo kwa matumizi yaliyokuwa hayajaidhinishwa, yakiwemo maumivu ya kichwa na mtindio wa ubongo wa watoto. Baadhi ya matumizi hayo yaliidhinishwa baadaye. Lakini kesi hiyo inafundisha kwamba ushahidi sharti utangulie soko, na kwamba serikali inayotaka kuwasaidia wagonjwa haina budi kusikiliza wataalamu wake kabla ya kuwasikiliza wachuuzi.

Kenya inayo sheria inayoitosha kazi hiyo. Chombo kinachodhibiti dawa nchini huitwa Bodi ya Famasia na Sumu, na waliolibuni jina hilo katika enzi ya ukoloni walielewa kwamba vitu hivyo viwili hukaa kwenye rafu moja. Kinachovitenganisha ni kipimo, mkono unaodunga na sababu ya kudunga.

Swali ambalo wabunge, maafisa wa bima na mawaziri wa afya wa kaunti wanapaswa kujiuliza, basi, si iwapo nchi maskini inaweza kumudu Botox. Wajiulize ni watoto wangapi walio kliniki leo ambao misuli yao bado haijafupika, na ni nani atakayewanyosha miguu katika miezi mitatu baada ya sindano. Wakishalijibu hilo, bei ya chupa itakuwa na kitu cha kulinganishwa nacho, yaani gharama ya upasuaji, kiti cha magurudumu, na mzazi anayeacha kazi ili ambebe mtoto mgongoni hadi shuleni.